Tusimsingizie Mungu, Tusiisingizie Mvua



Pasaka ya mwaka 2020 tuliiadhimisha majumbani, makanisa yakiwa yamefungwa kwa sababu ya ugonjwa wa korona. Siku ya Alhamisi ya oktava, tarehe 16 Aprili, mvua ilianza kupiga milima iliyo juu ya mji wa Uvira, na usiku ule wa kuamkia tarehe 17 mto Mulongwe ukavunja kingo zake. Waliokuwapo wanakumbuka mlio kuliko wanavyoyakumbuka maji yenyewe: mawe makubwa yakigongana gizani, yakiteremka pamoja na miti na mabati ya watu. Kulipopambazuka, nyumba kwa maelfu zilikuwa zimebomoka au zimejaa tope, madaraja yamevunjika, na watu kwa makumi wamekufa.

Kisha, katika mji ulioshikwa baina ya mito na ziwa, yakakosekana maji ya kunywa. Mitambo inayochota na kusafisha maji ya mji huu huyapata maji hayo katika Mulongwe huohuo, na gharika iliiharibu. Wanawake na watoto wakajitwika bidoni kwenda ziwani, mahali ambapo mito yote ya mji ilikuwa imemwaga usiku mmoja kila kilichokuwa ndani ya vyoo vyetu.

Wiki ile nilimsikia mtu mwenye heshima, ambaye sitamtaja, akiwaambia wafiwa kwamba hayo ni mapenzi ya Mungu na kwamba haifai kuuliza. Miaka minne ikapita. Mwaka 2024, ziwa Tanganyika lilipokuwa limeingia tena katika nyumba za Kalundu na Kavimvira, nilimsikia mwingine, huyu akiwa na cheo, akisema redioni kwamba hayo ni mabadiliko ya tabianchi na kwamba hakuna binadamu awezaye kuyazuia. Wa kwanza alitazama juu mbinguni. Wa pili alitazama mbali, ng'ambo ya bahari. Hakuna aliyelitazama bomba.

Nawapinga wote wawili. Ingawa mmoja alisema kwa lugha ya sala na mwingine kwa lugha ya semina, maneno yao yanafanya kazi moja, nayo ni kumpokonya mwananchi swali lake kabla halijatoka kinywani.

Sisemi kwamba tabianchi haibadiliki. Yabadilika, na ziwa letu ni shahidi. Tanganyika lina eneo la kilomita za mraba zipatazo 32,900, lakini lina mlango mmoja tu wa kutokea maji, yaani mto Lukuga huko Kalemie. Maji yake hulijia kwa mvua inayonyesha juu yake na kwa mito kama Ruzizi na Malagarasi, na sehemu kubwa hulitoka kwa mvuke. Chombo kama hicho, chenye mdomo mpana na shingo nyembamba, hujazwa na miaka michache ya mvua nyingi zikifuatana. Mwisho wa mwaka 2019 maji ya Bahari ya Hindi upande wetu wa Afrika yalikuwa na joto kupita kawaida, na mvua zikamiminika katika Afrika Mashariki yote. Mwisho wa 2023 mambo yakajirudia, El Niño nayo ikichangia. Hewa yenye joto zaidi hubeba unyevu mwingi zaidi, na unyevu huo ukishuka hushuka kwa mpigo. Joto hilo halikutoka katika mbabula zetu za makaa. Wanaodaiwa wanajulikana: ni nchi zilizotajirika kwa kuchoma makaa ya mawe na mafuta kwa zaidi ya karne moja. Mfuko wa hasara na uharibifu uliokubaliwa Sharm el-Sheikh mwaka 2022 na kuanzishwa Dubai mwaka uliofuata tusiupokee kama sadaka. Ni malipo ya deni, nayo ni madogo mno yakilinganishwa na deni lenyewe. Nalisema hilo mapema asije mtu kunieleza kwamba nawatetea matajiri.

Lakini huyo wa redioni alisahau jambo moja. Ziwa hili halikuanza kupanda juzi. Lilipanda sana katika miaka ya 1960, na wazee wetu wanakumbuka. Karibu karne moja kabla ya hapo, Mwingereza Cameron alipofika Lukuga mwaka 1874, mlango ule ulikuwa umezibwa na mchanga na mimea. Miaka michache baadaye maji yalizidi nguvu, yakaupasua, na ziwa likashuka kwa mita nyingi. Ziwa linapumua, ndivyo lilivyoumbwa. Sasa linapumua kwa nguvu zaidi. Anayejenga gati, kituo cha afya, soko au nyumba ya pampu kandokando ya Tanganyika bila kulihesabu hilo hana haki ya kushangaa maji yanapomfikia kiunoni.

Naomba sasa mnivumilie nieleze jinsi mvua ya usiku mmoja inavyogeuka kuwa kipindupindu, maana hapo ndipo visingizio vyote viwili vinapoanguka.

Mvua kubwa huosha vilima vilivyokatwa miti na kuuteremsha udongo mtoni. Maji ya mto huwa mazito kama uji. Matangi ya kutulizia maji katika kiwanda yamejengwa kwa kiasi fulani cha tope. Kiasi hicho kikizidi, mafundi hawana budi kufunga mlango wa mto, la sivyo vichujio vyote vitaziba. Mara nyingi saa hiyohiyo umeme hukatika, ama kwa sababu nguzo imeanguka, ama kwa sababu mashine za Ruzizi zimesimama, na pampu zinazopandisha maji kwenye matangi ya juu hunyamaza. Matangi hukauka. Bomba lisilo na maji hukosa pia msukumo, na bomba zee lenye nyufa, likikosa msukumo, hufyonza kile kilicho nje yake, yaani maji ya mtaro na maji ya choo kilichofurika. Maji yanaporudi siku ya tatu, mkupuo wa kwanza huusukuma uchafu huo hadi ndani ya bidoni. Na katika zile siku mbili za robine kavu, mama afanye nini? Humtuma mtoto ziwani. Kipindupindu huchukua baina ya saa chache na siku tano kujionyesha. Kwa hiyo mgonjwa huletwa hospitalini wakati jua limekwisha kuwaka tena, mvua imekwisha kusahauliwa, na hakuna anayeunganisha kitanda chake na ile pampu iliyonyamaza.

Wapo waliounganisha. Watafiti wa chuo cha afya na tiba za nchi za joto cha London walichukua hesabu za maji yaliyotoka kila siku katika kiwanda cha Uvira na kuziweka kando ya hesabu za wagonjwa waliopokelewa kwa kushukiwa kipindupindu, tangu mwaka 2009 hadi 2014. Matokeo yalichapwa mwaka 2015. Siku ambayo robine hazikutoa maji kabisa ilifuatwa, katika siku 12 za mbele, na wagonjwa zaidi ya maradufu kuliko siku ambayo maji yalitoka vizuri. Karibu robo ya wagonjwa wote, kwa hesabu yao, iliambatana na kukatika kwa maji. Someni vizuri jambo walilolipima. Walihesabu siku zisizo na maji ya bomba. Mvua yaweza kunyesha, na mji ukabaki mzima, ikiwa maji safi yanaendelea kutoka. Jua laweza kuwaka, na mji ukaugua, ikiwa pampu imekosa umeme.

Kuhusu huo umeme, twende hadi chanzo chake. Sisi wa Uvira, kama ndugu zetu wa Bukavu, twaupata katika mto Ruzizi, unaotoka ziwa Kivu na kuteremka hadi Tanganyika. Bwawa la Ruzizi I lilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1950, wakati wa Wabelgiji, na Ruzizi II, tunalotumia pamoja na Rwanda na Burundi, lilianza kazi mwaka 1989. Mashine zilizowekwa kabla ya uhuru bado ndizo zinazowasha taa katika chumba cha kujifungulia. Na adui yao mkubwa katika miaka hii anajulikana na kila anayepita darajani Bukavu: chupa za plastiki. Mvua ikinyesha juu ya vilima vile vilivyojaa nyumba, mitaro husukuma taka ziwani, ziwa huzisukuma mdomoni mwa Ruzizi, nazo hujikusanya mbele ya bwawa kama zulia. Zikipenya, huziba mashine. Wapiga mbizi hulazimika kushuka majini kuzitoa kwa mikono.

Naomba huyo wa redioni anijibu. Chupa hiyo ilinunuliwa Bukavu, ikanywewa Bukavu, ikatupwa katika mtaro wa Bukavu. Tabianchi iliibeba tu. Mvua ilikuwa kali zaidi, nakubali, na ilibeba chupa nyingi kwa haraka zaidi. Lakini haikuzitengeneza, wala haikuwakataza watu kukusanya taka, wala haikula fedha za kununulia magari ya kuzizoa.

Hapo ndipo ilipo hoja yangu. Tabianchi inayobadilika hupiga palipo dhaifu. Kazi ya anayetawala mji ni kujua mahali hapo na kupaimarisha kabla ya kipigo. Akiishika tabianchi kama ngao ya kujikinga na swali, amegeuza msiba wa kweli kuwa kisingizio. Na kisingizio hiki ni kibaya kuliko vile vya zamani, kwa sababu kimesimama juu ya ukweli. Mtu akisema "wachawi wameiba bomba" twamcheka. Akisema "mabadiliko ya tabianchi" twamwandikia mradi.

Na hata ukweli huo tunausema bila kuupima. Mnakumbuka Kalehe. Mwanzoni mwa Mei 2023, mvua iliyoanguka juu ya milima ya magharibi mwa ziwa Kivu ilivifuta vijiji vya Bushushu na Nyamukubi, na zaidi ya watu 400 wakafa. Wiki chache baadaye wanasayansi wa World Weather Attribution, ambao kazi yao ni kupima ni kwa kiasi gani joto la dunia limeongeza ukali wa mvua fulani, walijaribu kuipima mvua ile. Wakashindwa. Walisema wazi kwamba vituo vya kupimia mvua katika eneo hili ni vichache mno, na kumbukumbu zake ni haba mno, hata haiwezekani kutoa jibu. Mvua iliyoua mamia ya watu haikuacha hesabu ya kutegemewa.

Nimelitafakari hilo mara nyingi. Kipimo cha mvua ni chombo kidogo tu cha kukingia maji, chenye mistari ya kuhesabia, na mtu mwaminifu wa kuandika namba kila asubuhi saa moja. Mapadri na watawa wa zamani, na maofisa wa kilimo, waliandika namba hizo katika madaftari kwa miaka mingi, mahali ambapo hata barabara haikufika. Leo twasimama mbele ya mataifa kudai fidia ya mvua ambayo hatukuipima. Ni mdai gani aendaye barazani bila daftari? Wenye deni watafurahi sana kusikia kwamba hatujui tunawadai kiasi gani.

Nirudi kwa yule mtu mwenye heshima wa mwaka 2020, kwa kuwa yeye ni wa nyumba yetu, na maneno yake yanatuhusu zaidi. Katika Injili ya Luka, sura ya 13, watu wanazungumza na Bwana kuhusu misiba, naye anawakumbusha mnara wa Siloamu ulioanguka na kuua watu kumi na wanane. Ulikuwa mnara wa mji. Leo tungeuita miundombinu ya umma. Bwana anakataa katakata kwamba waliokufa walikuwa wakosefu kuliko wakaaji wengine wa Yerusalemu. Basi anayewaambia watu wa kando ya Mulongwe kwamba gharika ni adhabu ya dhambi zao amekwisha kukosolewa na Injili yenyewe. Na katika mfano wa nyumba mbili, unaomaliza hotuba ya mlimani, mvua ni ileile, mito ni ileile, upepo ni uleule. Tofauti iko katika msingi. Bwana hakupoteza hata neno moja kuilaumu mvua. Alimwita mjenzi mpumbavu. Tumeuhubiri mfano huo kwa ndoa, kwa ubatizo, kwa uchaguzi wa viongozi wa shirika. Sijawahi kuusikia ukihubiriwa kwa nguzo ya daraja.

Kusema kwamba Mungu alipenda kiwanda cha maji kife na watoto waharishe mpaka kufa ni kumsingizia. Kama mtu angelisema hivyo juu ya baba yako, ungelimshitaki.

Najua majibu yatakayokuja. La kwanza litakuwa fedha: nchi ni maskini. Nchi hii ina kobalti, shaba na maji kuliko majirani zake wote, lakini tuache wimbo huo unaojulikana na kila mtoto. Tuseme fedha ni chache kweli. Basi ndiyo sababu kubwa zaidi ya kutunza kilichopo, kwa kuwa maskini hana uwezo wa kununua kitu kilekile mara mbili. Sisi tunafanya kinyume chake. Wafadhili wa Ulaya wakilipa mabomba mapya, tunakata utepe, tunapiga ngoma, padri anaombwa anyunyize maji ya baraka. Siku ile nani anayeuliza: fedha za kubadilisha vali mwaka wa tano zitatoka wapi? Nani anayeuliza kama mitambo imewekwa juu ya kimo cha gharika inayojulikana, na kama ipo njia ya pili ya kupata maji siku mto utakapojaa mawe? Mji mzima unaotegemea mlango mmoja wa maji kutoka mto mmoja wenye hasira ni mji uliowekwa rehani. Swali la vali halipendezi katika sherehe. Aliuliziye huonekana mtu asiye na shukrani.

La pili litakuwa vita. Hilo nalipokea kwa uchungu, maana hakuna anayeishi katika Kivu ya Kusini asiyejua bunduki imetunyima nini. Hata hivyo mtaro wa mbele ya ofisi ya mji uliziba katika miaka ya utulivu kama katika miaka ya risasi, na hakuna kikundi cha waasi kilichotukataza kuuzibua.

La tatu ndilo linalonitia aibu, kwa sababu ni la kweli: sisi wenyewe tumejenga ndani ya mto. Ndiyo. Viwanja vilivyofutwa na Mulongwe vilikuwa na namba. Vingi vilikuwa na karatasi, na karatasi zilikuwa na mhuri. Kwa sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973, ardhi yote ya nchi hii ni mali ya Dola. Kwa hiyo hakuna mtu aliyeuziwa mkondo wa mto bila mkono wa mtumishi wa Dola kupita juu ya karatasi yake. Mjane anayelala leo juu ya mawe ya Mulongwe anaitwa mkaidi na yule aliyemuuzia. Alilipa. Alipewa risiti. Alikuwa na haki ya kuamini kwamba mwenye mhuri anajua mahali mto unapopita.

Lakini nani aliyepiga mhuri? Hapo, walei wenzangu, hatuna budi kuongea kwa sauti ya chini kidogo. Yule karani wa ardhi huketi benchi la nne siku ya Jumapili. Mkubwa wa kartye aliyeonyesha mipaka ni baba wa ubatizo wa watoto wengi. Fundi anayejua kwamba pampu ya akiba haina mafuta huimba sauti ya tatu katika kwaya. Mwenye magari yanayochimba mchanga mtoni karibu na daraja, mpaka miguu ya daraja ikabaki wazi, hutoa zaka kubwa na huketishwa mbele. Hawa si maadui waliotoka mbali. Ni sisi. Kila Misa tunakiri kwamba tumekosa pia kwa kuacha wajibu wetu. Sijasikia bado mtu akiungama mtaro.

Mwaka 2015 Papa Fransisko alitoa waraka wa Laudato si', ambamo alifundisha kwamba kupata maji salama ni haki ya msingi ya kila mtu, kwa kuwa bila maji hayo mtu hawezi kuishi. Tuliusoma. Tulichapisha fulana. Tulipanda miche siku ya mazingira, tukapigwa picha, na mbuzi wakaila kabla ya Majilio. Sichekeshi, nilikuwa mmoja wa waliopigwa picha. Mti ni mwema, na vilima vya juu ya Uvira vinahitaji miti kwa maelfu, lakini tulichagua mti kwa sababu mti haumkasirishi mtu yeyote. Kuuliza hesabu ya fedha za matengenezo ya maji kunawakasirisha watu wanaojulikana kwa majina.

Basi tuulize. Makisio ya mji huandikwa kila mwaka, na mwananchi ana haki ya kujua ndani yake mna kiasi gani cha kuzibua mitaro, kukagua madaraja na kutoa mawe katika mikondo kabla ya Oktoba. Shirika la maji lituambie ni siku ngapi mwezi uliopita robine za Kalundu, Mulongwe na Kavimvira zilikuwa kavu, na kwa sababu gani. Namba hizo zipo, kwani watafiti wa London walizipata. Zibandikwe ukutani, mahali ambapo hata mama muuza ndagala atazisoma au kusomewa. Mitambo mipya yoyote, alipe nani asilipe nani, isijengwe kabla hatujaonyeshwa mstari wa gharika ya 2020 na mstari wa ziwa la 2024 kwenye ramani yake. Na mkondo wa Mulongwe uwekewe mipaka inayoonekana, wale waliouziwa ndani yake wapewe mahali pengine kwanza, ndipo wahamishwe. Kubomolea watu kibanda na kuita tendo hilo mapambano na tabianchi itakuwa dhuluma ya pili juu ya ile ya mhuri.

Kuna jambo ambalo hatuhitaji kumwomba mtu yeyote. Parokia zetu zina vigango juu milimani, ambako mvua huanguka kabla maji hayajatufikia sisi wa chini. Katika kila kigango yupo katekista, na katekista ana simu. Kipimo cha mvua ni cha bei ndogo kuliko fulana za shirika. Anayeandika namba kila asubuhi atatupatia, baada ya miaka kumi, lile daftari tunalolikosa mbele ya mataifa. Na usiku ambao chombo kitajaa kabla ya saa tatu, apige simu kwa mlinzi wa parokia ya bondeni, na mlinzi apige kengele, ile ya hatari, mfululizo, bila kungoja ruhusa ya kamati. Usiku wa Aprili 2020 kengele zetu zilikuwapo, zimening'inia kimya juu ya mji unaozama. Robo saa ingetosha kwa mama kuwabeba watoto wawili hadi barabara ya juu.

Sasa ni kiangazi. Mulongwe unavukika kwa miguu, maji hayapiti kifundo, na watoto hucheza juu ya mawe ambayo mwaka 2020 yalishuka na nyumba za watu. Mvua za kwanza zitarudi Septemba. Barua kwa meya na kwa shirika la maji imekwisha kuandikwa, nayo iko kwa katibu wa parokia, mezani, pamoja na kalamu. Hadi Jumapili iliyopita sahihi zilikuwa hazijaujaza ukurasa wa kwanza, na ile ya karani wa ardhi haikuwamo.